Sitara na Ushahidi

Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Kwa karne nyingi watu wa mwambao waliridhika na kauli hii kila lilipozungumzwa jambo la mke na mume. Ya ndani huyajua walio ndani, na jirani mwenye adabu hatii jicho kwenye tundu la mlango. Lakini hutokea siku mtungi ukatakiwa ufikishwe mbele ya mtu asiyewahi kuuona, naye akataka kujua maji yamo kiasi gani, yalitekwa lini, na nani alikuwepo kisimani. Siku hiyo ni ile mume aliyeko Uingereza anapoanza kukusanya nyaraka za kumwombea mkewe viza.

Na uchukuliwe mfano wa ndoa moja ya Unguja, mfano wa kutungwa, ingawa wasomaji wengi watamwona humo ndugu au jirani yao. Mume ni mzaliwa wa Ng'ambo. Alihamia Uingereza angali kijana, akapata uraia wa huko, na kazi yake ni kuwatunza wazee wasiojiweza. Kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, alipoupata uraia ule aliupoteza huu; na hivi sasa kila mmoja kati yao ni mgeni katika nchi ya mwenziwe. Mke ni mwalimu wa skuli ya msingi. Nikahi yao ilisomwa msikitini baada ya sala ya alasiri, na kwa kuwa baba wa mke ni marehemu, aliyeoza ni ami yake. Siku tatu kabla ya hapo bibi wa mke alikuwa amefariki. Wazee wakaamua kwamba nikahi isiakhirishwe, maana likizo ya bwana harusi ilikuwa inamalizika, lakini ngoma, taarabu na picha viwekwe kando kwa heshima ya msiba. Watu wakala halua, wakanywa kahawa, wakaomba dua, wakatawanyika.

Ndoa hiyo ilitimia. Walii alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo, mahari yalitajwa, tamko na kukubali vikasikika. Hakuna kadhi mwambao mzima ambaye angeitia ila. Lakini haikuacha picha hata moja, na kwenye jalada la viza hapo ndipo panapoanza mashaka.

Jalada lenyewe lina mambo mengi, na mengine yanaeleweka bila ya ubishi. Patakuwa na pasipoti. Patakuwa na cheti cha ndoa kilichosajiliwa, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili, patakuwa na tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri. Patakuwa na cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na cheti cha kujua Kiingereza cha mwanzo, shurti lililoanza Novemba 2010. Patakuwa na karatasi za mshahara na za benki za mume kuonesha kwamba anafikia kiwango cha kipato kilichowekwa, ambacho tangu Julai 2012 kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Husemwa kwamba kiwango hiki ni kuilinda hazina ya umma. Inawezekana. Lakini mtu aliyeshinda akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wengine ana haki ya kustaajabu anapoambiwa kwamba ujira wa kazi hiyohiyo hautoshi kumstahilisha kukaa na mkewe.

Upande wa Unguja, tabu kubwa ni jina. Mtu wa mwambao huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke haliachi jina la baba kwa sababu ameolewa. Halafu mwandishi mmoja aliandika Salum na mwingine Salim. Cheti cha skuli kina Khadija, cheti cha kuzaliwa kina Hadija. Aliyezaliwa mikononi mwa mkunga wa mtaani, na kuzaliwa kwake hakukuandikwa kwa wakati, huanzia kwa sheha kutafuta barua, akaenda ofisi ya usajili, akaishia kwa wakili kutia saini hati ya kiapo kwamba yeye ni yeye. Kuna kichekesho kidogo hapa, na wengi wamekicheka wakiwa kwenye foleni: mtu mtaa mzima unamjua, akaapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya asiyemjua kwamba hakukosea kujijua.

Haya yote ni uchovu tu, wala hayafiki ndani. Linalofika ndani ni shurti la kuonesha kwamba ndoa ni ya kweli na inaendelea. Hapa haitoshi kusema kwamba walioana. Hutakiwa ioneshwe kwamba wanapendana, au kwa uchache kwamba wanaishi kama wapendanao: picha za pamoja, risiti za fedha zilizotumwa, orodha ya simu zilizopigwa, mazungumzo yaliyoandikwa. Na maombi mengi huamuliwa na afisa anayesoma karatasi tu, bila ya kuwaona wahusika.

Si haki kuliona shurti hili kama dhulma tupu. Zipo ndoa za kununuliwa, na wapo wanaume waliooa kwa ajili ya karatasi, na karatasi ilipopatikana mke akaachwa na mtoto mgongoni. Nchi ina haki ya kuuliza. Hata hivyo kuuliza nako kuna namna zake, na historia ya Uingereza yenyewe inaonesha namna mbaya. Mapema 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba mwanamke wa Kihindi aliyefika uwanja wa Heathrow ili aolewe na mchumba wake alipimwa mwilini kutazamwa kama ni bikira. Yalizuka makelele, na upimaji huo ukakomeshwa. Katika miaka ya 1980 kukawa na kanuni iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba dhumuni kuu la ndoa yake halikuwa kuingia Uingereza. Ilikuwa kama kumtaka mtu athibitishe kitu ambacho hakimo moyoni mwake. Kanuni hiyo ilifutwa Juni 1997, lakini kabla ya hapo barua nyingi za mapenzi zilikuwa zimekwisha kuwekwa juu ya meza za mahakama, zikasomwa na watu ambao hazikuandikiwa wao.

Wala mwambao usijitakase. Kuna siku hapa petu ambapo kisarawanda kilitolewa nje ya chumba cha harusi, na wanawake wakapiga vigelegele au wakanyamaza kufuatana na walichokiona. Hicho nacho kilikuwa cheti, na aliyetakiwa kukitoa hakuulizwa kama yu radhi. Mtu aliyekiona hicho hawezi kusema kwa uhakika kwamba wageni ndio waliozua kudai ushahidi wa siri za watu.

Kinachotofautisha ni jinsi sheria ya ndoa yenyewe, kama inavyofuatwa na Mashafi wa pwani hii, ilivyogawa mambo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu deni, na inaamuru liandikwe. Biashara imepewa kalamu. Na wafanyabiashara wa mwambao waliitikia, wakasema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Nikahi imepewa mashahidi na kutangazwa. Shahidi anaona tamko, hatakiwi kuona zaidi ya hapo. Baada ya hapo mlango unafungwa, na mafunzo aliyopewa bibi harusi na somo wake ni amana kati ya wanawake wawili. Hata mshairi wa pwani anapomsifu ampendaye humwita ua, lulu au chombo, asimtaje. Na mke akitaka kumfikishia mumewe neno zito huvaa khanga yenye neno hilo akapita mbele yake. Jioni ya namna hiyo inaweza kubeba mapenzi ya mwaka mzima, na haiachi kitu cha kupelekwa kwa afisa. Mtu aliyelelewa hivi akifunguliwa simu yake, mazungumzo yake na mkewe yataonekana makavu: umekula, mvua imenyesha, ada imelipwa, msalimie mama. Afisa atasoma na kuona watu wawili wasio na la kuambiana.

Ndipo mume wa mfano wetu akapata fikra. Aliporudi likizo mwaka uliofuata, alimwomba mkewe apakwe hina na piko upya, avae nguo ya harusi ya kuazima, jamaa wakusanywe, kahawa ipikwe, wapige picha. Hatakuwa amedanganya, alisema, kwa sababu mke ni wake, jamaa ni haohao na nyumba ni ileile. Picha zitaonesha jambo lililotokea kweli. Kitakachobadilika ni tarehe tu.

Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Mwenye kughushi humfanya asiyekuwa mke aonekane mke, ilhali huyu anamfanya mkewe aonekane alivyo. Na aliyemsukuma ni yule aliyeweka mlango wa kipimo kimoja, akawataka watu wa desturi zote wapite humo wamesimama wima. Hata kama wangepiga picha siku ileile, tukio lenyewe lisingewaonesha pamoja, maana wakati nikahi inasomwa mume yuko msikitini na mke yuko nyumbani kati ya wanawake. Picha ya mume na mke wanaounganishwa bega kwa bega ni picha ya harusi ya watu wengine.

Mke alikataa, lakini hakuweza kusema kwa nini. Jambo likapelekwa kwa ami.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza juu ya mwezi. Kila mwaka, magharibi ya tarehe 29 ya Ramadhani, watu wanatoka kutazama. Ikiwa mtu alilala nyumbani kwake, akaamka na kwenda kuapa kwa kadhi kwamba ameuona, na ikawa mwezi umeandama kweli na wengine wameuona, Idi itakuwa sahihi. Yule aliyeapa atakuwa nani?

"Lakini ami, mwezi ulikuwepo," alisema mume.

"Ulikuwepo, mwanangu. Wewe ndiye hukuwepo."

Tofauti aliyoigusa mzee ni nyembamba, na watu wengi waaminifu wameivuka bila ya kuiona. Ukweli wa jambo ni kitu kimoja, na ukweli wa ushahidi ni kitu kingine. Jambo linaweza kuwa kweli na shahidi wake akawa mwongo. Na shahidi mwongo wa jambo la kweli ana hatari yake ya pekee, kwa sababu hujisamehe haraka. Akiulizwa siku nyingine kuhusu picha ile, atalazimika kuzua chumba, saa na mpiga picha, na mkewe atalazimika kuyahifadhi hayohayo. Siri yao ya kwanza kama mke na mume itakuwa ni kisa walichokipanga kwa ajili ya mtu wa tatu. Kuna pia madhara yanayowafika wasiokuwepo: kila picha ya kupangwa inayogunduliwa huwafanya wale wanaofuata, wenye picha za kweli, watazamwe kwa jicho la shaka.

Yanayosemwa hapa hayamwondolei mdai lawama yake. Anayewaomba watu ushahidi ambao desturi yao haiutoi, kisha akawahukumu kwa kukosa kuwa nao, ana sehemu yake katika kila uongo unaomfikia. Lakini sehemu yake haiipunguzi ya muongo. Kila mmoja ataibeba ya kwake.

Basi wakatafuta njia nyingine, na ilikuwa ndefu zaidi. Mume aliandika maelezo ya kurasa mbili: siku ile ilikuwa siku ya ngapi ya msiba, kwa nini hapakuwa na picha, na kwamba nikahi husomwa mke akiwa mbali na mume. Cheti cha kifo cha bibi kikaambatishwa. Risiti za fedha zikapangwa kwa miezi, na nyingi zilikuwa ndogo, maana pauni thelathini za dawa ya mama mkwe si kitu cha kujivunia, ila zilikuwa zimetumwa kila mwezi. Kuhusu mazungumzo ya simu, mke ndiye aliyechagua. Aliruhusu yale ya mvua na ya ada. Yapo mengine, ya usiku mmoja mumewe alipokuwa mgonjwa peke yake ugenini, ambayo yangemlainisha afisa yeyote. Hayo aliyazuia, na mume hakumshurutisha, ingawa alijua wanachokihatarisha.

Na ami akaandika ushahidi wake kwa mkono. Alisoma chuoni zamani, na khati aliyoizoea ni ya herufi za Kiarabu, hivyo maandishi yake ilibidi kwanza yahamishwe kwenye herufi za Kilatini, ndipo yafasiriwe. Mfasiri alitaabika mahali pamoja. Mzee aliandika kwamba mume alioa, mke aliolewa, naye aliwaoza, vitendo vitatu vya watu watatu. Na Kiingereza kikamletea mfasiri neno moja la kuvibeba vyote. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyepesi. Ilisema kwamba siku ile mwandishi hakuwaona bwana harusi na bibi harusi pamoja, kwa kuwa si desturi. Kwamba kabla ya kwenda msikitini alimwendea binti wa ndugu yake chumbani kumwomba idhini, akamkuta analia kwa ajili ya bibi yake. Kwamba alimuuliza mara mbili, na mara ya pili alijibu. Na kwamba jibu lake yeye alilisikia.