Bonaparte na Irabu ya Imani

Mwezi wa Julai 1798 Wamisri walifikiwa na tangazo lililoanza kwa Bismillahi. Mwenye tangazo alikuwa Napoleon Bonaparte, jemadari wa Kifaransa aliyekuwa ndiyo kwanza ameteremsha majeshi yake Iskandaria. Humo alikiri kuwa hapana mungu ila Allah, asiye na mwana wala mshirika. Alidai kwamba anamheshimu Mtume na Qur'ani kuliko Mamaluki waliokuwa wakiitawala nchi, kisha akatoboa lililo kubwa zaidi: Wafaransa nao ni Waislamu wa kweli. Ushahidi wake? Wameung'oa utawala wa Papa mjini Roma, na kisiwa cha Malta wamekitoa mikononi mwa mashujaa wa Msalaba. Herufi za Kiarabu zilizopigia chapa maneno hayo zilichukuliwa huko huko Roma, kwenye matbaa ya Kanisa.

Je, mtawala anayejitangaza kuwa mcha Mungu huyaamini ayasemayo? Swali hili hufufuka kila msimu wa uchaguzi, pale mgombea asiyeonekana msikitini mwaka mzima anapokutwa safu ya mbele siku ya Ijumaa, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, na mwenzake wa Jumapili akakutwa kanisani vivyo hivyo. Aghalabu watu hulijibu upesi na kwa kebehi kwamba wote ni wanafiki. Jibu hilo lina uvivu, tena lina ufidhuli, kwani mwenye kulitoa hudai kuyaona yaliyomo kifuani mwa mtu. Usama bin Zaid alimuua adui vitani baada ya adui yule kutamka shahada, akajitetea kwamba aliitamka kwa kuuogopa upanga. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali, akamwuliza kama aliupasua moyo wa marehemu akauchungulia.

Basi mtawaliwa afanye nini? Kupasua moyo hakumo katika uwezo wake, na kumsadiki kila avaaye kilemba ni kujitia sokoni mwenyewe.

Alikuwepo Kairo mwanachuoni mmoja aliyeiona njia nyingine. Abdurrahman al-Jabarti alizaliwa 1753, na ukoo wake, kama jina linavyoonyesha, ulitokea Jabarti, nchi za Zaila, katika pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki ukipanda kaskazini. Al-Jabarti hakuhangaika na moyo wa Bonaparte. Alilichukua tangazo akalisoma kama mwalimu asomavyo insha ya mwanafunzi, neno baada ya neno. Aliona kwamba wanaafikiana na Waislamu katika kumkanushia Mungu mwana, lakini wameiacha nusu ya pili ya shahada. Wanafanana na Wakristo katika mengi, lakini Utatu wameunyamazia na mapadri wamewaua. Mwenye kukubaliana na kila dini kwa kipande, alihukumu, hana hata moja.

Kisha akaingia katika nahau. Kwenye tangazo palipostahili kuandikwa *muslimuna* pameandikwa *muslimina*, yaani neno limetiwa irabu isiyo yake. Aliyepitia chuoni anaijua hali hiyo ya neno kwa jina lake: nasbu. Na nasbu hiyo hiyo kwa Kiarabu ni ulaghai. Al-Jabarti hakuiacha fursa impite. Alisema kosa hilo lina siri yake, maana Uislamu wa watu hawa wenyewe ni nasbu.

Mtu anaweza kulalamika kwamba hapo pana uonevu. Bonaparte hakujua Kiarabu. Tangazo lilisanifiwa na wakalimani wake, Venture de Paradis akiwa mkuu wao, na si haki bwana kuadhibiwa kwa irabu ya mkalimani. Lakini hebu tuligeuze. Shahada iliyotungwa na mtumishi, katika lugha asiyoielewa mwenye kushuhudia, ni ya nani?

Oktoba ya mwaka ule ule Kairo iliasi. Mizinga ikaelekezwa Al-Azhar, na farasi wa Wafaransa wakafungwa ndani ya msikiti. Mwaka 1800, katika Baraza la Taifa mjini Paris, Bonaparte aliripotiwa kueleza kwamba vita vya Vendée alivimaliza kwa kujifanya Mkatoliki, na Misri alijiimarisha kwa kujifanya Mwislamu. Na lau angetawala Wayahudi, angelijenga upya hekalu la Suleiman. Mwaka uliofuata akafanya mapatano na Papa.

Ushahidi mzito kuliko huo ni vigumu kuupata. Hata hivyo, mtu huyo huyo, mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena, asiye na jeshi wala kura ya kutafuta, alitangaza katika wasia wake kuwa anakufa katika dini ya Kikatoliki aliyozaliwa nayo, na 1821 akapakwa mafuta ya wagonjwa. Hiyo nayo ilikuwa siasa, ya kumwandalia mwanawe njia? Au ni mtoto wa Corsica aliyerudi kwa mama yake? Mlango wa moyo unafungwa hapo tena, na afadhali ufungwe.

Kinachobaki wazi ni jambo moja la kupimia: dini ya mtawala imewahi kumkataza nini alichokitaka? Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alizuru kaburi la Salahuddin mjini Dameski mwezi Novemba 1898, akajitangaza rafiki wa Waislamu milioni 300. Miongoni mwao walikuwemo raia wake wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa. Mwaka 1913 gavana wake wa Dar es Salaam, Heinrich Schnee, aliwaandikia maofisa wake kuwauliza Uislamu uzuiwe vipi usienee. Vita vilipozuka 1914 na Istanbul ikatangaza jihadi, serikali ile ile ikawahubiria jihadi hiyo Waislamu wale wale. Urafiki huo haukuwahi kuizuia serikali kufanya ilichotaka.

Anabaki Jenerali Menou. Huyu, tofauti na bwana wake, alisilimu kweli mwaka 1799, akajiita Abdallah, akamwoa Zubaida wa mji wa Rashidi. Kwa kuwa bila kusilimu asingemwoa, Wamisri walimshuku. Maofisa wenzake nao wakamfanya kichekesho cha kambi. Kléber alipouawa Juni 1800, Menou alishika uongozi wa jeshi zima, na jina la Abdallah hakulivua. Aliendelea kulitia kwenye amri zake, mbele ya askari waliolicheka. Mwana aliyemzaa na Zubaida walimwita Sulaiman.