Kocha wa Ndola

Asubuhi hii, hapa Upareni, namkumbuka marehemu kocha Joel Nkaya Bendera, jirani yetu wa Korogwe, kwa barabara hii hii inayopita Makanya na Mkomazi.

Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia, mkononi ikiwa na ushindi wa 1-0 wa nyumbani. Zambia wakatangulia. Muda ukiyoyoma, Peter Tino akasawazisha, na Tanzania ikafuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Bendera, kocha mzalendo, alikuwa kwenye benchi. Kule Lagos, 1980, Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Kurudi tena kwenye fainali hizo kulituchukua hadi 2019!

Baadaye Bendera alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri aliyeshughulikia michezo, kisha mkuu wa mkoa, Morogoro na Manyara. Alipofariki Desemba 2017, wapenda soka walimlilia kama kocha wao. Kwangu mimi, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko vyeo vyote.

Na hapa kwetu wapo makocha wasiolipwa. Jioni, upepo ukitimua vumbi, mmoja anachora mistari ya uwanja kwa majivu, filimbi shingoni, mpira mmoja kwa vijana ishirini. Kama mwanao yumo, mpitie mwalimu huyo leo. Msalimie, umuulize kama mpira bado unashika upepo.