Mvua ya Kwanza Si Msimu

Kijana mmoja aliacha kazi ya kibarua Nairobi, akakodi ekari moja chini ya Mlima Longonot, kando ya barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha. Pesa alikuwa nazo kidogo, nguvu tele, na hesabu moja tu kichwani: Februari hiyo kabichi zilikuwa ghali sokoni, basi atakayetangulia kupanda ndiye atakayetangulia kuuza.

Jioni moja mvua kubwa ikanyesha. Vumbi likatulia, na mlima ukafunikwa na mawingu. Kulipokucha kijana akanunua miche, akaita vibarua, wakapandikiza shamba zima kabla jua halijatua.

Jirani yake, bibi aliyelima hapo tangu ujana wake, alimwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Kijana wangu, umechimba ukaona mvua imeingia hadi wapi?"

"Shosho, si unaona udongo umelowa?"

"Juu umelowa. Huko chini je?"

Kijana akatabasamu kwa heshima, akaendelea na kazi.

Bibi hakuuliza bure. Udongo wa Longonot ni majivu na mawe mepesi ya volkano. Maji huupenya upesi wala hayakai. Tena sehemu hii imebanwa kati ya safu ya Nyandarua na ukuta wa Mau, na mawingu mengi humwaga maji yake huko juu kabla ya kufika bondeni. Naivasha hupata takriban milimita 650 za mvua kwa mwaka, ilhali jua na upepo vinaweza kukausha zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Mvua moja ya Februari, hata ije na radi, ni maji ya siku chache.

Wiki haikwisha kabla jua halijarudi na ukali wake. Miche ikanyauka mchana na kuinuka usiku, kisha ikaacha kuinuka. Kijana akanunua maji ya lori; ardhi ikayanywa. Akanunua mengine. Pesa za mbolea na dawa zikaishia kwenye maji. Masika yalipoanza mwishoni mwa Machi, miche michache iliyosalia ilikuwa imedumaa, na mfuko hauna kitu cha kununulia mingine.

Bibi naye alisia mbegu zake mwanzoni mwa Machi, kwenye kitalu kidogo chenye kivuli kilichotosheka kwa mitungi michache ya maji. Alijua kabichi hukaa kitaluni kama mwezi mmoja, basi alihesabu kuanzia masika akirudi nyuma. Mvua ziliponyesha mara kadhaa mfululizo, alichimba kwa jembe. Alipokuta unyevu umefika kina cha kutosha, alipandikiza jioni na kutandaza nyasi kavu kuzunguka miche. Mvua za Aprili na Mei zikaikuza, na kabichi zikafunga vichwa wakati wa baridi.

Nyanya hakuzigusa masika, kwa kuwa unyevu mwingi huleta ugonjwa wa bakajani. Alizipanda mvua ilipopungua, tena mistari michache tu aliyoweza kuinyweshea kwa mkono.

Siku ya mavuno kijana alimuuliza, "Shosho, ulijuaje?"

"Sikujua. Nilichimba."

Kosa la kijana halikuwa uvivu; alifanya kazi kuliko wengi. Kosa lake ni kupanda kwa kufuata bei ya siku ile na wingu la siku ile, ilhali kabichi ingemhitaji ainyweshee kwa karibu miezi mitatu. Wala kalenda peke yake haitoshi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikuwa hafifu mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Aliyepanda kwa tarehe ya babu yake naye alipata hasara.

Kwa hiyo sikiliza utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Anga. Weka miche kitaluni, maana kitalu hakigharimu maji mengi kama ekari nzima. Panda kwa mafungu, usimalize miche yote siku moja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ni dalili ya msimu. Kabla hujapandikiza, chukua jembe uchimbe.