Ndiyo Bei Yake?

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kwa hiyo kabla sijamnyoshea mtu kidole, naomba nianze na langu mwenyewe.

Mwaka juzi niliuza baiskeli. Ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, ile aina yenye kikapu mbele, taa ya dainamo, na kibandiko kidogo chenye maandishi ambayo hakuna mtu hapa mtaani kwetu Tandika aliyeweza kuyasoma. Niliinunua shilingi 170,000 baada ya kumaliza kidato cha nne, nikaipanda miaka mitatu nikisambaza mikate madukani. Siku nilipoamua kuiuza, breki ya nyuma ilikuwa inashika kwa kubembelezwa, spoku mbili hazipo, na tairi la mbele lina viraka vinne. Nikaipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la simu ambalo watu huuziana vitu, nikaandika: "Baiskeli kali kutoka Japani. 380,000. Maongezi yapo. Wababaishaji wakae pembeni."

Utaniuliza: kitu ulichonunua laki moja na sabini, ukakichosha miaka mitatu, kinapandaje hadi laki tatu na themanini? Jibu langu lilikuwa jepesi. Niliangalia wenzangu wanauzaje. Mmoja anataka laki nne, mwingine laki nne na nusu, na baiskeli zao hazina nafuu kuliko yangu. Nikajiambia, ndiyo bei ya soko hiyo.

Kumbe si bei ya soko. Mle kwenye simu tunaona bei zinazoombwa tu, hatuoni bei zinazolipwa. Aliyeuza kwa laki mbili hufuta tangazo lake akaenda zake kimya. Anayebaki anaonekana ni yule ambaye hajauza, na ndiye huyo tunayemuiga. Kuna baiskeli moja nyekundu nimeiona miezi minane mfululizo, imeegemea ukuta uleule, bei ileile. Mwenye nayo naye bila shaka aliangalia wenzake. Basi bei ya ndoto inazaa bei ya ndoto, na sote tunaiita soko.

Lakini si kuigana peke yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 1990 wataalamu watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha matokeo ya jaribio lao la vikombe. Walichukua wanafunzi wa chuo, nusu wakapewa kikombe kila mmoja, nusu wakabaki mikono mitupu. Kisha wakaambiwa wauziane. Waliokuwa na vikombe walitaka takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, na wamekimiliki kwa dakika chache tu! Sembuse mimi na baiskeli yangu, niliyonyeshewa nayo masika matatu. Mnunuzi aliona kutu, mimi niliona ujana wangu. Nilikuwa nauza baiskeli, na kumbukumbu juu yake.

Hadi hapo ni udhaifu wa binadamu, na udhaifu si dhambi. Tatizo linaanzia kwenye yale maneno mawili: maongezi yapo. Maana yake ni kwamba mimi mwenyewe sikuiamini bei yangu. Moyoni nilikuwa na nyingine, 220,000, na hiyo ningeipokea kwa mikono miwili.

Sasa je, kutaja bei usiyoiamini ni uongo?

Nililipeleka swali hili kijiweni, kwa fundi baiskeli wetu. Alicheka. "Dogo, bei ni mdomo tu. Wewe unapandisha, yeye anashusha, mnakutana katikati. Uongo uko wapi?" Na kwa kweli ana hoja. Mcheza bao anapoficha hesabu zake hamdanganyi mwenzake, kwa sababu wote wawili wameketi wakijua wanacheza. Wanunuzi nao si malaika. Wapo wanaokuja na laki tatu mfukoni wakiapa kwamba wana elfu themanini tu na mtoto anaumwa. Mchezo ukiwa unajulikana pande zote, hakuna aliyeibiwa.

Lakini hebu tujiulize: wangapi wanaujua? Nenda Kariakoo uulize bei ya kitu chochote. Muuzaji anakutajia, lakini papo hapo anatabasamu, anakuita kaka, anasema "sema wewe una ngapi." Ukigeuka kuondoka anakuita tena. Bei pale ina uso, na uso ule unakuonyesha kwamba mlango haujafungwa. Kwenye simu bei iko uchi. Ni tarakimu tu na picha. Mjanja anajua kuzungusha maneno, mwenye haya anapita akijisemea baiskeli si za watu kama mimi, na mwaminifu anaamini.

Na tarakimu ile haikai bure. Mwaka 1974 Kahneman huyohuyo na mwenzake Tversky walieleza jaribio jingine. Waliwazungushia watu gurudumu la bahati lililotegeshwa lisimame ama kwenye 10 ama kwenye 65, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 walikisia kama 25, walioona 65 walikisia kama 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, lakini liliwavuta akili! Kwa hiyo hata anayeshusha bei yangu, anaishusha kutoka mahali nilipomsimamisha mimi.

Basi akaja mzee mmoja kutoka Chanika. Alikuwa amebadili daladala mbili. Alisema ni mlinzi wa usiku, na kwamba alfajiri anapotoka lindoni usafiri ni wa shida. Nilimwonyesha kila kitu: breki, spoku, viraka. Sikumficha hata kimoja, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Akainama akaizungusha pedali, akapiga kengele mara moja kama mtoto, akatabasamu. Nami nikajiandaa kwa mchezo. Nilikuwa na hoja zangu tayari, nilikuwa na ngazi zangu za kushuka: tatu na nusu, tatu, mbili na nusu.

Mzee akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua.

"Ndiyo bei yake, mwanangu?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu njia ya kwenda mahali.

Nikasema, "Ndiyo bei yake, mzee."

Akahesabu mara mbili, akanipa 380,000, akanishukuru, akaondoka anaikokota kwa sababu alisema bado anaogopa magari ya mjini. Fundi alikuwa anatutazama. "Dogo, umemuingiza mjini babu wa watu," akasema. Nikacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa kila namna. Kwanza nilisema: alikubali kwa hiari yake. Naam, lakini ilikuwa hiari ya mtu asiyejua kwamba kulikuwa na mchezo. Ukicheza bao na mtu anayedhani mnahesabu kete tu, ushindi wako si ushindi. Pili nilisema: nami nilikuwa na shida, nilihitaji kompyuta ya mtumba niandikie riwaya yangu, maana madaftari yamejaa na hakuna mchapishaji anayetaka mwandiko wa mkono. Kumbe swali hili ni la zamani. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliuliza kama ni halali kuuza kitu zaidi ya thamani yake. Alikubali kwamba muuzaji anaweza kudai fidia ya hasara atakayoipata kwa kuachana na kitu chake. Lakini mnunuzi akikihitaji sana, na wewe hupati hasara, huna haki ya kumtoza shida yake, kwa kuwa shida ile si mali yako. Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu. Ugumu wa usafiri wa alfajiri haukuwa mali yangu. Nami niliuuza.

Sisemi kwamba serikali itupangie bei za baiskeli chakavu. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bei zilipangwa na rafu za maduka zikawa tupu. Wala sisemi kupatana bei kukome. Kupatana ni utani, ni mazungumzo, ni nusu ya utamu wa sokoni. Ninachosema ni kwamba bei ni kauli, na kauli hufuata sheria za kauli. Watu wawili wanaojua wanataniana wanaweza kusemezana lolote. Lakini mtu akikuuliza kwa dhati, mchezo umekwisha, na pale unadaiwa ukweli. Vinginevyo bei zetu za juu zinageuka kuwa kodi, na wanaotozwa ni watu wanaotuamini. Mjanja anaondoka na baiskeli kwa 220,000, mwaminifu kwa 380,000. Mji wa namna hiyo unawafundisha nini watoto wake?

Siku hizi nikitaka kuuza kitu nina kipimo changu. Naandika bei ambayo mtu akisema "nimekubali" papo hapo, nitaweza kumtazama usoni. Ni kipimo kidogo, hakihitaji elimu ya chuo kikuu. Vitu vyangu sasa huuzika ndani ya siku tatu, na fundi ananiita mshamba.

Miezi miwili baada ya biashara ile, mzee alinipigia simu. Nikajua leo nimekamatwa. Kumbe alitaka kunishukuru tu, na kuniuliza wapi atapata spoku za kuziba zile pengo mbili. Nikamwelekeza. Sikumwambia neno jingine.

Makala haya nimeyaandika kwa kompyuta ile. Kwa hesabu zangu namdai nafsi yangu 160,000. Hadi leo nimeweka akiba ya 90,000. Namba ya mzee bado ninayo.