Deki ya Kusaga

Kwanza tuelewane kuhusu neno deki. Si ile unayopiga sakafuni na tambara kabla mama hajarudi sokoni. Deki ninayozungumzia ni rundo la karata 60 ambalo mchezaji wa Magic: The Gathering anajijengea mwenyewe, karata moja moja, kabla ya kukutana na mpinzani. Mchezo ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Kwetu Kona ya Musa ulifika na binamu yangu, aliyerudi kutoka Nairobi na deki mbili ndani ya kopo la biskuti. Ya kwangu tuliichapisha saiba, tukakata kwa makasi, tukatia kila kipande kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karata ya kawaida ili kisilegee. Wenye mchezo wasinisikie.

Kwa kawaida ni mchezo wa kupigana. Kila mtu anaanza na uhai wa 20, anaita viumbe vyake, anampiga mwenzake hadi afike sifuri. Lakini pembeni kuna kanuni moja ndogo: anayetakiwa kuokota karata na rundo lake halina kitu, ameshindwa. Basi kuna watu, na mimi ni mmoja wao, wanaojiuliza: kwani lazima nimpige? Si nimmalizie rundo tu? Mwaka 1994 ilitoka karata inayoitwa Millstone, yaani jiwe la kusagia, iliyokuwa ikichukua karata mbili za juu za mpinzani na kuzitupa kaburini bila yeye kuzitumia. Jina hilo likageuka jina la mbinu nzima. Sisi barazani tunasema kusaga.

Kujenga deki ya kusaga ni hesabu zaidi ya ushujaa. Mpinzani ana karata 60, anashika 7 mkononi, zinabaki 53. Hizo 53 ndizo adui yako, yeye mwenyewe humjali. Nikaweka kaa wanne wa Hedron Crab na wanne wa Ruin Crab. Ni kaa wadogo, hawana nguvu ya kupiga hata kidogo, lakini kila ninapoweka ardhi mezani kila kaa anamsaga mwenzangu karata tatu. (Katika mchezo huu karata zinazokupa nguvu huitwa ardhi. Kumbuka hilo.) Kuna ardhi ambazo unaziweka, unazitoa, zinakuletea ardhi nyingine, kwa hiyo kaa mmoja anasaga mara mbili. Kaa wawili na ardhi moja ya aina hiyo: karata 12 zimekwenda, na hakuna aliyeguswa.

Halafu kuna Archive Trap. Hii inasaga 13 kwa mpigo, na ni bure kabisa ikiwa mpinzani amepekua rundo lake zamu hiyo. Unaruhusiwa nne. Piga hesabu: 13 mara 4 ni 52. Na yule mwenye 53 akishaokota moja tu anabaki na 52. Nilipoligundua hili usiku nilicheka peke yangu kitandani.

Sehemu iliyobaki ya deki ni kuchelewesha. Hiki ndicho watu wasichokielewa kuhusu kusaga. Kwa kuwa hupigi, lazima usipigwe mpaka kazi iishe. Kwa hiyo unajaza karata za kuzuia, za kurudisha kiumbe mkononi kwa mwenyewe, za kusema ngoja, bado, siyo sasa. Mwenzako anajiandaa, wewe unamwambia ngoja. Anajiandaa tena. Ngoja.

Binamu aliichukia deki hiyo kuanzia mchezo wa kwanza. Alikuwa na joka lake moja ambalo ndilo roho ya deki yake, na kaa wangu akalizika kaburini zamu ya pili.

"Hiyo si kucheza, bana," akasema. "Umenitupia joka langu hata sijalishika."

Nilikuwa na jibu tayari, na ni jibu la kweli. Rundo limechanganywa. Hakuna anayejua kilichoko juu wala chini. Nikikutupia karata tatu za juu, ile ya nne uliyookota ina nafasi sawa ya kuwa joka kama ile ya kwanza. Na angalia, mara nyingi mchezo wa kawaida unaisha hujaona hata nusu ya deki yako. Karata nyingi zinabaki chini hadi mwisho, hazikusaidii kitu. Nilichokutupia ni kitu ambacho pengine usingekifikia kabisa. Huwezi kudai umeibiwa kitu ambacho hukuwa nacho mkononi.

Binamu akakaa kimya. Kisha akasema, "Hiyo hesabu ni sawa kwa kila karata isipokuwa ya mwisho. Na wewe deki nzima umeijenga kwa ajili ya hiyo ya mwisho."

Sijapata jibu la hilo hadi leo.

Wazee wa kahawa waliokuwa wakicheza bao upande wa pili hawakuona tatizo. Kwao ushindi wa namna hii ni wa kawaida. Katika bao unashindwa safu yako ya mbele ikiwa tupu, au ukikosa pa kwenda. Hakuna damu. Unabanwa taratibu, mtaji wako unapungua, unaangalia mashimo, huna la kufanya, unacheka, unapisha mwingine. Hakuna anayeita hiyo aibu. Nikawaambia, mwaona? Lakini nikirudi nyumbani nikawaza kuwa bao lina kete 64, 32 kila upande, na hakuna hata moja inayotupwa. Zinahama tu. Ulizopoteza unaziona pale upande wa pili, na zamu ijayo unaweza kuzirudisha. Hata karata zetu za mtaani ni hivyohivyo: rundo likiisha, unageuza zilizochezwa, unachanganya, mnaendelea. Ni huu mchezo wa kutoka mbali tu niliopata kuona ambao rundo likiisha limeisha, na mtu anakufa kwa kuishiwa.

Sasa niseme kwa nini maneno ya binamu yalinikaa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miezi kadhaa kwenye ofisi moja ya mambo ya viwanja, sitasema ipi. Kazi yangu ilikuwa mapokezi. Watu walioiuzia ofisi mashamba walikuwa wamelipwa nusu, na nusu iliyobaki walitakiwa kuifuata. Mimi nilikuwa na daftari la wageni na sentensi moja: mkubwa hayupo, njoo kesho. Wakati mwingine kweli hakuwepo. Wakati mwingine alikuwa ndani nikimsikia anavyocheka na simu.

Kulikuwa na mama mmoja akitokea pande za Msambweni. Akiingia tu, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, aamkaje mkubwa wako?" Anakaa kwenye benchi na kikapu chake, anangoja mpaka mchana, namwambia njoo kesho, anasema haya, inshallah. Mara moja alinipa maembe. Hakuna siku aliyotukanwa pale. Hakuna siku aliyofukuzwa. Ukiniuliza siku yoyote ile, siku moja tu, nimemkosea nini, ningekujibu kama nilivyomjibu binamu: leo hajapoteza kitu alichokuwa nacho mkononi. Nusu yake bado ipo. Ni kesho tu.

Mwisho alikuja akasema atachukua chochote kilichopo. Alipewa sehemu ndogo, akaweka sahihi kwamba hadai tena. Mkubwa wangu alinipongeza kwa uvumilivu wangu na wateja.

Katika Magic hufi rundo linapoisha. Unaweza kukaa na rundo tupu, uhai wako 20, viumbe vyako vyote mezani, unaonekana mzima kabisa. Unakufa unaponyoosha mkono kuokota. Nadhani mama yule siku hiyo alinyoosha mkono asubuhi kutafuta nauli ya matatu, au ya daktari, au ya shule ya mjukuu, mkono ukakuta meza. Sijui. Sikumuuliza.

Najua utasema nachanganya mambo. Mchezo ni mchezo, na waliokaa mezani wamekubali kanuni. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sioni haya kuwa na kaa wangu. Binamu ana karata 60 na mimi nina 60. Anajua kanuni ya rundo tupu. Anaweza kujikinga: akitia deki yake karata moja tu ya Emrakul, the Aeons Torn, ikitupwa kaburini kaburi lote linarudi rundoni na kazi yangu ya nusu saa inaharibika. Amenifanyia hivyo mara mbili, na nilistahili.

Lakini pale ofisini nani alikuwa na deki ya 60? Mkubwa alikuwa na miaka. Kusubiri kwake kulikuwa bure, tena kulimlipa, maana bei ya viwanja vya Diani haikuwa inashuka. Mama alikuwa na nauli za idadi fulani. Na hakujua kuwa huo ulikuwa mchezo. Alidhani anafuata pesa.

Pwani hii inaujua mchezo wa namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani: mwenye madai ajiandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji. Wadigo wengi walikuwa wakilima pale pale walipolimia babu zao. Hawakupigwa vita siku hiyo. Kilichowamaliza ni siku kupita bila wao kujua kwamba siku zinahesabiwa. Zaidi ya karne moja baadaye bado Kwale tunao watu wanaoitwa maskwota kwenye shamba lenye kaburi la babu yao.

Binamu aliniuliza kama sasa nitaivunja deki. Nilimwambia hapana, na bado ninayo. Ila kuna kitu nimeanza kukifanya. Kanuni za Magic zinasema idadi ya karata zilizobaki rundoni si siri: mchezaji yeyote anaweza kuzihesabu wakati wowote. Watu wengi hawaulizi. Wanatazama joka, wanatazama uhai wao, wanasahau rundo. Zamani nilifurahi wakisahau. Siku hizi nikicheza na mgeni, kijana wa bodaboda aliyejifunza juzi, namwambia mwenyewe: una 31. Una 19. Una 7, angalia. Nashindwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Binamu anasema nimekuwa mzee.

Lile daftari la wageni nilipoondoka nililiacha mezani. Siku ya mwisho nilirudi nyuma kurasa kutafuta jina la mama, nikahesabu. Alikuwa amesaini mara 14. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya saa ya kuingia, safu ya saa ya kutoka na safu ya sababu ya kuja. Kwenye sababu, mara zote 14, mwandiko ni wangu: kufuatilia.