Kabati la Wakili Mwaminifu

*Soma Mithali 31:13, 21, 22, Kumbukumbu la Torati 8:4, Yakobo 2:1–4, Matendo 9:36–39. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu nafasi ya vazi katika maisha ya mwamini?*

Mavazi yanapotajwa kanisani, mazungumzo mara nyingi huishia kwenye urefu wa sketi na mapambo. Maswali hayo yana mahali pake (1 Timotheo 2:9, 10). Lakini liko swali jingine lisiloulizwa sana: nguo zilizomo kabatini zimepatikanaje, zitadumu muda gani, na mwisho wake ni wapi? Hilo ni swali la uwakili, sawa na swali la zaka, muda na afya.

Mkazi wa Mwanza anaishi mahali panapomlazimu kulijibu. Pamba hulimwa Kwimba, Magu na mikoa jirani ya Simiyu na Shinyanga. Katika miaka ya 1950 wakulima wa kanda hii waliunganisha vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na katika miaka ya 1960 kiwanda cha Mwatex kikajengwa jijini ili pamba ifumwe hapahapa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania bado huuzwa nje, na nguo hurudi ndani ya marobota ya mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda iliendelea na mpango huo; wengine wakarudi nyuma.

Je, basi, kuvaa mtumba ni kosa? Hapana. Anayekwenda Mlango Mmoja akakagua mishono, kola na zipu, akachagua shati moja imara, ametumia fedha yake kwa busara. Tatizo ni kununua kwa sababu tu ni rahisi: blauzi sita kwa bei ya moja, zivaliwe mara mbili kisha zitupwe. Inakadiriwa kuwa fulana moja ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Zile za poliesta haziozi. Mvua ikinyesha, matambara huingia Mto Mirongo na kufika ziwani, ziwa lilelile ambalo jiji hunywa maji yake.

Wako wanaosema Mkristo hapaswi kujali mtindo, kwa kuwa Bwana hutazama moyo (1 Samweli 16:7). Ni kweli kwamba vazi halimwokoi mtu. Lakini mke mwema wa Mithali 31 alivaa kitani safi na zambarau, na Kristo aliyaona maua ya kondeni kuwa yamevikwa vizuri kuliko Sulemani (Mathayo 6:28–30). Maua hayo hayana rangi moja. Kupenda bluu iliyotulia au kitenge kilichokolea si kiburi. Kiburi huanza pale vazi linapokusudiwa kumfanya jirani ajione duni.

Tena, anayejua kinachomfaa hasukumwi na kila fasheni inayopita. Hununua vichache vinavyooana. Humwomba fundi cherehani aache akiba ya kitambaa kwenye mshono, ili gauni liweze kupanuliwa mwakani na baadaye kupunguzwa kwa ajili ya binti. Kwa njia hiyo ladha ya mtu huwa msaidizi wa kiasi, wala si adui yake.

Jambo hili huwa zito zaidi kwenye sare: ya harusi, ya kwaya, ya makambi. Sare ina wema wake, kwa maana humfanya tajiri na maskini waonekane sawa. Lakini kila tukio likidai kitambaa kipya, mama mchuuzi wa dagaa hukopa, au hubaki nyumbani akisema anaumwa. Yakobo alikemea kumpa mtu kiti kwa kutazama mavazi yake. Je, angesemaje kuhusu mtu asiyefika kabisa kwa kukosa sare? Kwaya inayochagua blauzi nyeupe na sketi nyeusi, kisha ikazitunza kwa miaka, huhifadhi usawa bila kumfungia nje mshiriki yeyote.

Dorkasi alipokufa, wajane hawakumwonesha Petro nguo zilizokuwa kabatini mwake. Walionesha zile alizowashonea wao. Huduma ya Dorkasi inayobeba jina lake inastahili nguo zilizofuliwa, zenye vifungo vyote na zipu inayofunga. Nguo ambayo mwenyewe angeona aibu kuivaa haijawa sadaka bado.

Maswali ya kujadili

1. Israeli walitembea miaka arobaini bila mavazi yao kuchakaa. Kwa nini Mungu alijishughulisha na jambo hilo, na linasema nini kuhusu kutunza tulicho nacho?

2. Ni nani katika kanisa lenu amewahi kukosa tukio kwa ajili ya sare? Darasa linaweza kufanya nini kabla ya makambi yajayo?

3. Juma hili, chagua nguo moja ya kurekebisha na moja ya kutoa. Ni ipi iliyokuwa ngumu zaidi kuichagua, na kwa nini?