Mkono wa Nani?

Ndugu msomaji, kuna msemo ambao sisi wa Morogoro tunautumia bila kuufikiria, na nadhani na wewe wa kwingine unao. Kijana akianguka ghafla akafa, iwe Mji Mpya hapa mjini au kule juu Mgeta, msiba hauishi bila mtu kunong'ona: "Hapa kuna mkono wa mtu." Mwalimu wa fasihi atakwambia hiyo ni sitiari. Hakuna aliyeuona mkono. Lakini kila mmoja pale msibani anaanza kumtafuta mwenye nao, na mara nyingi macho yanamwangukia bibi fulani mjane, anayeishi peke yake.

Swali langu ni hili: je, ni haki mtu ahukumiwe kwa tamathali ya semi?

Nimekwenda kulitafutia jibu kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Wengi wetu tunaisoma kwa ajili ya kisa tu: Bwana Ali kauawa, nani kamwua? Mimi naomba tuitazame lugha. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali panapoogopwa, na jina la kitabu linakutega kabla hujafungua ukurasa. Akili yako inajijazia yenyewe: bila shaka mzimu umekula mtu! Halafu anaingia Bwana Msa na kiko chake, anauliza mambo ya kawaida kabisa. Nani alikuwa wapi? Saa ngapi? Mkono anaoutafuta yeye ni wa nyama na mifupa. Conan Doyle naye alifanya hivyo hivyo katika hadithi yake ya Baskerville ya 1901–02: jinamizi la ukoo likaishia kuwa mbwa wa kweli, kapakwa fosforasi.

Atatokea mshikaji aniambie, "Basi mpelelezi ni adui wa sitiari." Hata kidogo! Dalili na sitiari ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinasema hiki kinasimama badala ya kile. Tope kwenye kiatu linasimama badala ya safari. Tofauti yao ni kwamba dalili inakubali kupimwa, na ikigoma inatupwa. Sitiari haipimwi. Hapo ndipo penye utamu wake ndani ya shairi, na hapo hapo ndipo penye sumu yake ndani ya mashtaka.

Chukua macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo, eti ni wachawi. Bwana Msa angeingia jikoni kwanza. Angekuta mafiga, kuni mbichi au kinyesi cha ng'ombe, na moshi ambao bibi yule ameupuliza tangu usichana wake. Macho ni yale yale, ila wasomaji wake ni wawili, na mmoja wao ameshika panga.

Sisemi mizimu ifutwe. Milima yetu ya Uluguru ina Kolelo, mzimu ambao hata Wazaramo wa huko chini walikuwa wakiupandia kuomba mvua na mavuno, na jina lake lilivuma kabla ya Maji Maji ya 1905. Mwandishi ukimnyang'anya hayo, atabaki na nini cha kuandika?

Ninachodai kwa sisi tunaojifunza kushika kalamu ni kidogo. Kabla hujaandika "mkono wa mtu", jiulize unatunga au unashtaki. Kama unatunga, tunga, tena ututishe kweli kweli. Kama unashtaki, sema ni mkono wa nani, ulishika nini, saa ngapi, na nani aliuona. Ukikosa jibu, bibi wa watu mwache akapike.